Mpiga pasi anayejifunza kushuka mlima

Saa nne asubuhi, chumba cha chini cha hoteli kimejaa mvuke, na miwani ya mgeni inaingia ukungu mara tu anapovuka mlango. Mpiga pasi anakunja shuka ya mwisho, anaiweka juu ya nyingine, anajitwika rundo lote begani na kuanza kupanda ngazi. Lifti iko palepale, mlango wazi. Haitazami.

"Mlima hauna lifti," anasema bila kugeuka. Ana miaka hamsini na nne. Hadi ghorofa ya sita bado anapiga soga, wakati mwandishi wa makala haya alishanyamaza tangu ya tatu.

Anajiandaa kwenda hija. Si kwa ile njia ya barabarani, ambako mabasi huwafikisha watu karibu kabisa na kikanisa cha mawe kilichoko kileleni. Anataka njia ya zamani, ya nyuma ya mlima, siku nne kwa miguu, ambayo hata hapa mjini wengi hawajui kama ipo. Mumewe aliweka nadhiri ya kuipita akipona. Hakupona.

"Nadhiri haizikwi pamoja na mtu," anasema. "Aliniachia mimi. Nisipoikamilisha, sitalala vizuri."

Njia hiyo ina desturi yake: mtu hapandi peke yake, wala habebi mzigo wake mwenyewe. Mnakwenda wawili, wewe unabeba wa mwenzako, naye anabeba wako. Asiye na mwenza, mtunza njia humrudisha nyumbani, hata akilia.

Hapo ndipo penye kazi. Binti yake ananyonyesha. Wenzake wa kufulia hawawezi kupewa likizo pamoja naye. Akabaki mtu mmoja tu: wifi yake, dada wa marehemu, fundi cherehani mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Nao hawakuwa wamesemezana tangu mazishi, mwaka mzima.

"Alisema mbele za watu kwamba nilichelewa kumpeleka kaka yake hospitali," anasimulia mpiga pasi. "Iliniuma sana. Nikaapa sitamsemesha. Ukaidi wetu sisi wawili, weka mbali na watoto."

Basi akaendelea na ngazi zake, suala la mwenza akilipiga chenga. Kila rundo la shuka safi alilipandisha kwa miguu. Kurudi chini alitumia lifti, maana shuka chafu hushushwa kwa toroli, na toroli haishuki ngazi. Hakuona tatizo lolote.

Mwezi uliopita alikwenda kujipima kwenye kilima kimoja nje ya mji. Kupanda, hakuna shida. Kushuka, magoti yakagoma.

"Yanatetemeka! Nikasema, loo, haya magoti ni ya nani? Kumbe masikini hayajawahi kushuka popote!"

Akaketi, akateremka kwa makalio kama mtoto. Alipofika chini, kokoto zilikuwa zimeitoboa sketi yake nzito, ile ya safari.

Sketi ikichanika ni kwa fundi, na fundi wa mtaa ni yuleyule. Akamtuma binti yake, akamkanya asiseme ni ya nani.

"Eti asiseme! Sketi nimeishona mimi," anasema wifi mtu, mama mnene mwenye futi shingoni. "Nikaigeuza, nikaona tundu lilipo, nikacheka mpaka mteja akaniogopa. Nikambana huyo binti, akamwaga yote. Niliposikia ni ile nadhiri ya kaka, kicheko kikaisha. Nikalia."

Sketi ilirudi ndani ya mfuko, na kiraka kinene cha turubai makalioni. Chini yake, ndani ya mfuko huohuo, palikuwa na sketi ya pili, ya kitambaa kilekile, ila pana zaidi. Nayo ilikuwa imetiwa kiraka mahali palepale, kabla hata haijachanika.

Mpiga pasi aliitandaza mezani, akaiangalia, akavaa kandambili na kuvuka barabara.

"Nikamwambia, 'Wifi, nilimbembeleza twende hospitali, akakataa.' Akanijibu, 'Najua. Yule alikuwa mbishi tangu utoto. Nilikosa wa kumlaumu, nikakuona wewe.'"

Siku hizi kila Jumapili wako kilimani, wakijifunza kushuka. Wanashikana mikono na kutukanana kwa upendo njia nzima. Wanatarajia kuondoka mvua zikikatika.

Limebaki jambo moja. Wifi amekwisha kufunga mzigo wake: mablanketi mawili, mto, na sufuria yenye mfuniko. Anasema hawezi kulala bila mto wala kula chakula cha watu. Anayeubeba si yeye.

Mpiga pasi anaunyanyua, anaujaribu begani, anaguna. Binti yake anamsihi aitoe walau sufuria.

"Iache," anasema. "Mwaka mzima nimebeba maneno yake. Sufuria ndiyo itanishinda?"