Kukanda Chuma

Mama Gololi alipata jina lake karakanani, kwa ile gololi ya chuma kigumu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Akishakereza shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha mashine, hakuisugua kwa msasa. Aliikandamizia gololi huku ikizunguka, oili ikidondoka, mpaka vijinundu vyake vilale na ngozi yake ikaze. Mumewe aliita kazi hiyo kukanda. Mafundi wa zamani wangemwelewa. Waliobaki wanajua kutupa na kununua kipya.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu na sasa mwenye karakana, alizoea kumtania: kwani chuma kimeteguka mguu mpaka kikandwe? Asubuhi hiyo hakutania. Shafti waliyompa mwenye kinu cha kusaga nafaka ilikuwa imelika upesi, akairudisha kwa matusi. Hii ya pili nayo ikirudi, shemeji alisema, mashine ya kukereza inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Basi alikanda huku jasho likimwingia machoni. Akilegeza mkono, kazi bure. Akizidisha, ngozi ya chuma itabanduka magamba, na chuma kingine hakipo. Ghafla mlio wa gololi ukawa mkavu. Akalegeza kidogo, akaongeza oili, asipumue mpaka mlio ulipolainika tena.

Alipomaliza, mwenye kinu alikuwa amesimama mlangoni. Alilalamika kuwa hii haing'ai kama ile ya kwanza. Shemeji akachomoa msasa mfukoni, akaiwasha mashine tena.

"Napitisha kidogo tu, mteja afurahi."

Mama Gololi akaizima.

"Na ile ya kwanza uliipitishia msasa?"

Shemeji akauficha msasa nyuma ya mgongo.

"Ngozi niliyoikaza, wewe uliichuna nilipokwenda kula. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Kwenye ncha ya shafti, ile ambayo ingekatwa, palikuwa na sehemu iliyokandwa na sehemu ambayo gololi haikuifikia. Alizikwaruza zote mbili kwa msumari mmoja, kwa nguvu ileile, kisha akamwita mwenye kinu aguse. Yule bwana akapitisha ukucha. Upande usiokandwa ukucha ulizama kama mferejini. Upande wa pili ulipita, akarudia kuutafuta mkwaruzo.

"Nipe hivyohivyo ilivyo," akasema, kisha akamgeukia shemeji. "Na huo msasa, bwana, kasugulie masufuria."

Mashine haikuuzwa. Msasa nao haukutupwa. Ulirudi mfukoni mwa shemeji, na tangu siku hiyo Mama Gololi hakutoka kwenda kula kabla mteja hajabeba chake.