Mikono ya Mama Kaza Ukutani

Usiku ule Mama Kaza hakulala. Alikaa kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo, simu mapajani, taa ya saluni ikiwaka bure. Kila akimpigia bintiye alijibiwa na yule mwanamke wa mtandao asiyechoka kusema simu haipatikani. Saluni ndiyo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na mlango wake ndio mlango wa nyumba nzima. Hakuna aliyebisha.

"Atarudi, shoga," alisema fundi cherehani wa jirani, aliyekuja kukesha naye na sasa akisinzia kwenye benchi. "Amekasirika tu."

"Akasirike yeye? Aliyeanikwa ukutani ni nani, yeye au mimi?"

"Wote wawili," fundi akajibu, macho kayafumba. "Tena yeye kichwa kizima."

Jina la Mama Kaza alipewa na wateja. Elimu yake iliishia shule ya msingi, na kilichomlisha tangu hapo ni vidole vyake. Alianza kusuka kwenye vibaraza vya watu, akaja akapata kioo, kisha kiti, kisha mashine ya kukaushia nywele yenye kelele kama trekta. Nywele za wasusi wengine zililegea mapema. Zake zilikaa mpaka mtu azichoke mwenyewe, kwa sababu alikaza kuanzia kwenye paji la uso. "Ukitoka kwa Mama Kaza," wateja walitaniana, "hata ukipata habari mbaya huwezi kukunja uso." Naye alicheka, akampa mteja kidonge cha maumivu, akamwita anayefuata.

Hakuna kichwa alichokisuka kama cha bintiye. Kila Jumapili jioni mtoto alikaa chini, katikati ya magoti ya mama, akalia mpaka akachoka kulia. Ilibidi. Mwalimu mkuu wa shule yao alisimama getini asubuhi na kuwarudisha nyumbani wasichana wenye nywele timtim. Shangazi mtu kila akija, salamu yake ilianzia kichwani: "Mtoto wa msusi, mbona kama katoka vitani?" Na baba mtu, kabla hajaenda kuoa kwingine, alimwita Fagio, tena mezani, mbele ya wageni, na wageni wakacheka.

Binti alipofika sekondari, mama aliona pengo kisogoni, ngozi tupu inayong'aa. Mtoto alikuwa akizinyofoa nywele mwenyewe, unywele mmoja mmoja, akiwa anasoma, bila hata kujua mkono umeshapanda. Mama alimfokea, akampeleka zahanati, wakampa mafuta ya kupaka. Mafuta ya nini, na ugonjwa hauko kwenye ngozi? Basi akafanya alichokijua. Akasuka kufunika pengo, na ili lifunike vizuri, akakaza zaidi.

Chuoni binti alichagua kusomea upigaji picha. Kwa kazi yao ya mwisho waliambiwa waonyeshe kwa picha kinachomfanya mtu ajidhuru mwenyewe. Binti akaja nyumbani akasema, "Mama, naomba nikupige picha ukiwa kazini."

Mama Kaza alielewa jambo moja tu: tangazo la biashara. Akapaka ukuta rangi, akaita wateja wenye sura nzuri, akajipaka mikono mafuta mpaka ikang'aa. "Bango langu lionekane," alisisitiza, "na namba ya simu."

Siku ya maonyesho alikwenda na kundi la wateja wake, gauni jipya, kichwa juu. Picha ya kwanza ukumbini ilikuwa kisogo cha bintiye, kiko wazi, bila kitambaa. Ya pili ilikuwa mikono yake yeye, mikubwa kama mlango, iking'aa mafuta, imekamata nywele za mtoto wa mteja. Kwenye kioo uso wa mtoto ulionekana umevutika, machozi yamejaa. Chini yake paliandikwa: "Ilianzia hapa." Bango halikuwepo.

Mwalimu wa picha alikuwa akiwaeleza wageni. "Tazameni ukatili huu wa kila siku," alisema kwa sauti ya taratibu. Mteja mmoja wa Mama Kaza akajishika paji la uso bila kujijua.

"Ukatili?" Mama Kaza alipaza sauti, watu wakageuka. "Mimi ndiye nilimwita mtoto Fagio? Mimi ndiye nilisimama getini? Yuko wapi mwalimu mkuu hapa? Shangazi yake yuko wapi? Baba yake je? Ukuta mzima huu, mmepata mikono yangu tu?"

"Mama, tafadhali, haya ni maonyesho," mwalimu wa picha akamwambia.

"Nimeona mnavyoonyesha!" Akamgeukia bintiye. "Na wewe usinikanyagie mlango wangu."

Mkono wa binti ulipanda polepole kisogoni, mbele ya watu wote, ukaanza kunyofoa. Mkono ule ndio uliomkosesha mama usingizi.

Kulipoanza kupambazuka, mlango ukagongwa. Mama Kaza aliruka, akashika komeo.

"Usifungue kwanza," ilisema sauti ya binti nje. "Nikikuona sitaweza kusema."

"Ulikuwa wapi? Simu umeizimia nini?"

"Kwa rafiki yangu. Mama, sikiliza. Niliwaomba wote niwapige picha. Mwalimu mkuu alisema nikirudi pale ataniitia polisi. Shangazi akasema nisimtafutie balaa. Baba alikata simu. Wewe ulipaka mikono mafuta."

Mama Kaza aliubana mdomo. "Kwa hiyo anayekubali ndiye anayetundikwa?"

"Nilijua si haki. Nikatundika hivyo hivyo. Lakini sikudanganya, mama. Iliuma kweli."

Ndani, Mama Kaza alivitazama vidole vyake juu ya komeo. Hasira ilikuwa bado imemkaba, ila sasa ilikuwa na pa kwenda.

"Geti la shule limekataa kupigwa picha?"

"Geti?"

"Mwalimu mkuu kakataa, geti halijakataa. Na ile meza ambapo baba yako alikuwa akikuita Fagio iko hapa jikoni, viti na vyote. Ipige. Shangazi yako akija, mpige mlangoni, mdomo wazi."

Nje binti alicheka na kulia kwa pamoja. "Na mikono yako niiondoe?"

Fundi cherehani akaamka, akauliza ni nani.

"Lala wewe," Mama Kaza akamwambia. Kisha akauambia mlango: "Iache. Ila isikae peke yake."

Akavuta komeo, akafungua. Binti alisimama kizingitini bila kitambaa, kamera begani. Mikono ya mama ilinyanyuka yenyewe kuelekea kile kichwa. Akairudisha nyuma, akaifungia mgongoni.

"Pita," akasema. "Na usidhani nimeshapoa."