Mguu Ulionunuliwa kwa Maksai

Lokeno hakuwahi kununua mbuzi bila kumkanda mgongo. Alimfungua mdomo akatazama meno, akamwinua mkia, akamtembeza hatua kumi huku akimwangalia kwa nyuma, ndipo akataja bei, tena bei ya kumkasirisha mwenye mbuzi. Katika soko la mifugo la Lodwar wachuuzi walimwona anakuja wakaanza kuapa kabla hajauliza kitu. Mtu huyo huyo ndiye aliyenunua mguu kwa kuutazama kwenye simu.

Mguu wake wa kulia ulikatwa miaka mitatu iliyopita, chini kidogo ya goti, baada ya lori la mawe kuikanyaga pikipiki yake katika barabara ya Kakuma. Kabla ya hapo alikuwa mwendeshaji wa boda boda. Baada ya hapo akawa mtu wa kiti cha plastiki, magongo yameegemea ukuta, akichajia majirani simu kwa paneli moja ya sola nje ya nyumba yake huko Nakwamekwi. Mkewe, Nawoi, alisuka vikapu na kulisha nyumba. Mimi ni jirani yao, na simu yangu ilichajiwa pale kila siku, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu.

Mwezi wa pili mwaka huu Madut alimpigia simu. Madut ni mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini mwenye ghala la unga Kakuma, na zamani alikuwa abiria wa Lokeno. Alitaka mlinzi wa lango.

"Wewe najua si mwizi," alisema. "Lakini mlinzi anasimama. Mtu ya magongo, vijana watacheka, halafu wataiba. Pata mguu, kuja mwisho wa mwezi. Kama hapana, nachukua mtu mwingine. Usikasirike."

Lokeno hakukasirika. Alifurahi mpaka akaagiza chai ya watu watano. Lakini fundi wa miguu ya bandia, anayekuja na kliniki ya kuzunguka, alikuwa amepita Januari na hangerudi hadi Juni. Ndipo Lokeno alipoingia kwenye soko moja la mtandaoni akakuta duka linalouza miguu, na chini ya picha, kwa jina lake lile lile la Facebook, akauliza kama upo wa kulia.

Nilimsomea masharti ya soko hilo mara mbili. Pesa zako hukaa kwa wenye soko mpaka upokee mzigo, uufungue na ukubali. Kikija kitu kisicholingana na maelezo, una siku saba za kukirudisha. Alitikisa kichwa kama anayesikiliza mahubiri ya Jumapili. Jioni hiyo muuzaji alimjia pembeni, kwenye ujumbe wa faragha. Ulianza kwa salamu ya Kiturkana: "Ejok, Apaloreng."

Kwetu hilo si jambo dogo. Chifu anakuita Lokeno, polisi anakuita Lokeno, daktari anakuita Lokeno. Lakini mwanamume Mturkana ana maksai wake mmoja anayempenda, aliyemkunja pembe tangu ndama, anayemwimbia, na wenzake wa karibu humwita kwa maksai huyo. Apaloreng ni mwenye maksai mwekundu. Anayekuita hivyo amekula nyama nawe. Na mtu aliyekula nyama nawe haombwi dhamana.

"Huyu ni mtu wangu," Lokeno aliniambia.

"Ni nani?"

"Sijui. Mtandaoni watu hujiita majina ya ajabu. Lakini ananijua."

"Muulize basi anakujua kutoka wapi."

"Utamuulizaje mtu anayekujua kama anakujua?"

Muuzaji aliandika kwamba wenye soko hula asilimia yao bure, na kwamba ndugu hawahitaji watu wa katikati. Pesa zitumwe moja kwa moja kwenye namba yake. Nilimwambia Lokeno kwamba akitoka nje ya soko anatoka na haki zake zote, hata moja haibaki. Alinitazama kwa huruma.

"Nyinyi wa koleji mmezoea kuishi na watu msiowaamini," alisema.

Kitu pekee alichokuwa nacho cha kuuza ni maksai mwenyewe, aliyekuwa Namoruputh kwenye kundi la kaka yake, Lomenen. Lomenen alimswaga hadi Lodwar, akafika vumbi limemjaa kope, na hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Unamuuza mwenye jina, halafu jina unabaki nalo?" aliuliza.

"Nikisimama nitanunua mwekundu mwingine."

"Na usiposimama?"

Lokeno alimwita mchinjaji. Mchinjaji alimkanda maksai mgongo, akamfungua mdomo, akamtembeza, akatoa bei ya dharau, na Lokeno aliyekuwa bingwa wa kupandisha bei akaikubali ya kwanza. Alizituma pesa zote papo hapo, maksai akiwa bado anaonekana mwisho wa barabara.

Mguu ulichukua wiki tatu. Vijana wa stendi ya boda boda walikuwa na furaha yao.

"Apaloreng, mguu umefika wapi?"

"Bado uko njiani."

"Kwani unakuja kwa miguu?"

Alicheka nao. Alikuwa mmoja wao zamani, na alijua wakinyamaza ndipo itakapokuwa mbaya.

Mzigo ulitumwa Kakuma, kwa kuwa kazi ilikuwa ya kuanza Jumatatu. Jumamosi nilimsindikiza hadi kwa wakala wa vifurushi, Mkongo mmoja mpole anayeitwa Magloire. Alileta boksi refu lililofungwa kwa gundi pande zote, na karatasi ya kusaini: nimepokea mzigo kamili na katika hali nzuri.

"Mzee, fungula kwanza," Magloire alisema. "Miye sina haraka. Ukisha kusaini, miye siwezi kitu tena."

Nyuma yetu palikuwa na foleni. Lokeno aliitazama, kisha akalitazama boksi.

"Mtu anayeniita kwa maksai wangu, nimpekue mbele ya watu kama mwizi?"

"Mzee, ni kazi tu. Hata ya ndugu yangu nafungula."

"Fungua basi ya ndugu yako," alisema Lokeno, akasaini.

Nilikuwa na mkasi mfukoni. Ningeweza kulikata boksi lile pale pale na kumwacha anitukane. Sikufanya, kwa heshima. Naichukia heshima hiyo hadi leo.

Tulilifungua katika chumba cha walinzi, ghalani kwa Madut. Mguu ulikuwa wa plastiki ya rangi ya chai ya maziwa, umekwaruzwa, na ndani yake herufi mbili za kalamu, za mtu aliyeuvaa kabla yake. Lokeno aliuweka chini kando ya mguu wake mzima. Vidole vyote viwili vikubwa vilikuwa upande mmoja. Ulikuwa mguu wa kushoto.

Tulimpigia muuzaji. Alipokea, akasikiliza, akatuuliza kwa sauti ya karani aliyechoka, "Si mlisaini?" Akakata. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakula pesa akanyamaza tu. Mguu wowote ungetosha, alichohitaji ni ile saini.

Wenye soko waliandika kwamba hawana rekodi ya malipo. Kituoni afisa alitupa fomu ya Kiingereza, nikaijaza, akasoma jibu langu juu ya bidhaa akainua macho. "Mguu mmeupata au hamkuupata?" Tukasema tumeupata. Akaifunga faili. Sheria ya nchi hii inamtaka muuzaji atoe kile alichokieleza, nilimwambia hivyo, na akaniambia niende mahakamani Lodwar, na nikifika nimsalimie hakimu.

Jumatatu Lokeno aliufunga mguu ule kwa mikanda na tambara, akaenda langoni, akashika mlingoti. Madut alitoka kumtazama. Wapakiaji waliacha magunia.

"Simama."

"Nimesimama."

"Wacha mlingoti."

Aliuacha. Alipiga hatua moja nzuri, ya pili ule unyayo ukamgeuza upande, akaanguka kifudifudi kwenye unga uliomwagika. Wapakiaji walicheka, na waliocheka zaidi ni wale waliokuwa wameomba kazi hiyo. Madut alimwinua mwenyewe, akampangusa uso kwa kanzu yake.

"Khalas, mzee," alisema. "Rudi nyumbani."

Lomenen alipopata habari alituma neno moja tu kutoka Namoruputh, kwamba Lokeno asijiite tena Apaloreng. Kwa hiyo vijana wa stendi hawamwiti kwa jina lingine sasa.

Nami nilitafuta jina lile lilikotoka. Haikuchukua hata dakika kumi. Krismasi vijana wa kanisa waliweka picha ya Lokeno na maksai wake kwenye Facebook, na chini yake watu kumi na wanne wameandika, "Ejok, Apaloreng." Yeyote aliye na simu angeweza kusoma.

Nilimwonyesha. Aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia simu.

Wiki iliyopita ujumbe uliingia tena, namba mpya. "Ejok, Apaloreng. Ule wa kulia umepatikana. Bei ya ndugu." Lokeno aliniletea simu mwenyewe, akiruka kwa gongo moja, macho yakimng'aa. Nilimwandikia jibu kwa mkono wangu: utume, ataufungua mbele ya wakala, atauvaa, atatembea, ndipo alipe.

Tulingoja. Nawoi aliacha kusuka.

Jibu likaja. "Kwani huniamini, Apaloreng?"

Lokeno aliinamisha kichwa. Alikuwa anaona haya. Kisha akaninyang'anya simu na kuanza, polepole, kwa kidole kimoja, kumwomba yule mtu msamaha.