Kofia Iliyokwenda Kiwandani

Sina ugomvi na vitu vya kutoka nje. Nasema mapema, kwa sababu kila nikianza kisa hiki hakosekani mtu wa kuniuliza mbona kandambili nilizovaa zimetoka huko huko. Zimetoka huko, ndiyo. Sufuria zangu, miswaki ya wanangu, tasbihi niliyonunua Ramadhani iliyopita, hata msala ninaosalia, vyote vilikuja ndani ya makontena, na sijui ni mikono ya nani iliyovitengeneza. Mungu aibariki. Hasira yangu si juu ya hao. Hasira yangu ni juu ya mtu mmoja, naye ni ndugu wa tumbo moja na babangu.

Mamangu, huko kwetu Mambrui, alikuwa mshonaji wa kofia za mkono. Kitambaa cheupe huchorwa maua kwa kalamu, kisha kila ua likajazwa vishimo vidogo vidogo kwa sindano na uzi, kimoja baada ya kimoja, mpaka macho yaume. Kofia moja huchukua miezi. Mke humshonea mumewe, na mume akiivaa Ijumaa msikitini wenzake huitazama na kujua ana mke wa namna gani. Mamangu alishona za kuuza pia, lakini maua ya kofia za babangu hakumchorea mwanamume mwingine yeyote.

Ya mwisho aliianza babangu akiwa mgonjwa. Alimpima kichwa pale pale kitandani, na babangu akamtania asiibane sana, asije akamkatia hata hiyo pumzi kidogo iliyobaki. Alipofariki, lilikuwa limebaki ua moja, karibu na sikio la kushoto, nusu limejaa na nusu tupu. Mamangu akakaa eda. Alipotoka aliunganisha kofia, sehemu ya juu na ya pembeni, akaifua na kuipiga pasi, ila lile ua hakuligusa. Alisema mwenye kazi ameondoka. Akaiweka sandukuni.

Ami yangu ni mfanyabiashara, ana duka Malindi mjini, na kila mwaka husafiri ng'ambo kuleta bidhaa. Alipomwoza binti yake alikuja kwa mamangu amevaa uso wa huzuni, akaomba aazimwe kofia ya marehemu aivae siku ya nikaha, ili naye nduguye awe kama amehudhuria. Ombi kama hilo nani angelikataa? Mamangu alilia, akampa. Nami nililia, na machozi yale nayajutia mpaka leo.

Harusi ikaisha, kofia haikurudi. Mamangu alipouliza, aliambiwa iko kwa dobi. Akauliza tena, akaambiwa imesahauliwa Mombasa. Kisha ami akasafiri, na mtu aliyesafiri humuulizi kofia.

Nilikuja kuiona mwenyewe sokoni Malindi, asubuhi, nimekwenda kununua nazi. Mama mmoja alikuwa amepanga kofia juu ya meza, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni. Nikashika moja bila nia yoyote, nikaigeuza, na karibu na sikio la kushoto nikaona nusu ua. Nikashika ya pili. Nikashika ya tatu. Nikafungua mifuko kama mwizi mpaka yule mama akanikataza. Zote zilikuwa hivyo, zimeshonwa kwa mashine. Mashine haina mume wala haikai eda. Ilioneshwa nusu ua, ikashona nusu ua, mamia kwa mamia. Yule mama alinieleza, kwa wema kabisa, kwamba huo ndio mtindo wa kofia hizo, na akanitajia duka la jumla anakozinunua. Duka la ami yangu.

Nilikwenda moja kwa moja. Sikumwamkia. Katika maisha yangu yote sijawahi kuingia mbele ya ami yangu bila shikamoo, na siku ile ilinikwama kooni nikaiacha ikwame. Yeye akaagiza niletewe soda. Nilipomwambia nimeziona kofia sokoni, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kulishughulikia jambo.

"Wateja wameliona lile ua," alisema. "Nimeshawaambia kiwandani. Mzigo ujao litakuwa zima."

Yaani alidhani nimekuja kulalamikia ubora wa bidhaa. Nikamuuliza kofia yenyewe iko wapi, ya babangu. Akanieleza bila wasiwasi kwamba iko huko huko kiwandani, kwa sababu ilibidi waifumue na kuilaza juu ya meza ili mashine isome maua. Aliyasema hayo kama mtu anayesema baiskeli yake iko kwa fundi. Soda niliiacha juu ya kaunta.

Nilitaka mji mzima ujue. Mamangu akanikataza. Hakulia, hakumlaani mtu, alisema tu kwamba anaitaka kofia yake, hata kama ni vipande. Mimi nikawa kila nikimpita ami barabarani nasema kwa sauti, kikulacho ki nguoni mwako, naye hupangusa miwani.

Kufikia hapo oda zilikwisha kukauka. Nani angengoja miezi, wakati sokoni ananunua na kuivaa saa hiyo hiyo? Majirani waliokuwa wakishona na mamangu barazani wakaweka sindano chini, mmoja akaingia kukaanga viazi, mwingine akaenda kwa mwanawe Kilifi. Wakati huo ndipo ami alipokuja tena. Alitaka maua mapya. Yale ya zamani, alisema, yameanza kuchosha watu, na mkono wa shemeji yake una baraka.

Nilingoja mamangu amfukuze. Akakubali. Hakutaka malipo. Alitaka akiipeleka hiyo mpya, ile ya zamani airudishe. Ami akaapa kwa jina la Mungu.

Niligombana na mamangu siku hiyo vibaya sana. Nilimwambia anamnolea kisu aliyemchinja. Alivaa miwani yake, akachukua kitambaa.

"Wewe wataka haki," akanambia. "Mimi nataka kofia ya mume wangu."

Alishona tangu Maulidi mpaka Rajabu ikaingia. Nakiri ilikuwa kofia nzuri kuliko zote nilizowahi kumwona akishona, na kila nilipoiangalia nilizidi kughadhibika, kwa ami na kwake yeye pia.

Ami akaenda, akarudi. Alikuja nyumbani Ijumaa baada ya sala, ndani ya kanzu iliyopigwa pasi, mkononi ana katoni. Akatoa salamu. Mamangu akaitikia, maana kuitikia ni wajibu. Nikaingia jikoni kutengeneza kahawa. Niliporudi, katoni ilikuwa wazi juu ya mkeka, imejaa kofia mpya zenye maua ya mamangu, zawadi ya ami, na mamangu amepiga magoti anazitoa moja moja na kuziweka kando, akitafuta hadi chini. Akaendelea mpaka katoni ikabaki tupu. Kisha akamtazama ami.

"Wamehama jengo, shemeji," ami alisema. "Vitu vya zamani walivitupa."

Nilikuwa nimesimama na sinia, vikombe na halua tayari. Katika nyumba ile hajapata kutoka mtu na koo kavu, hata wadai, hata wale waliokuja kutusengenya. Mamangu akazirudisha zile kofia ndani ya katoni, akaifunga.

"Rudisha kahawa jikoni," akanambia. "Ami yako anaondoka."

Ami alicheka kidogo, akaningoja mimi nimmiminie. Sikurudi jikoni, wala sinia sikuliweka chini. Nilisimama nalo karibu na mlango mpaka akainuka, akaibeba katoni yake mwenyewe, akavaa viatu.