Mke wa Mwanajeshi Aliyeagwa Mara Mbili

Saa nane kasorobo mchana, Ayuma amesimama kwenye baraza la kibanda cha ushonaji mtaani Kaloleni, mkononi ana sketi tatu za shule zilizokatwa tayari, na anangoja zamu. Mbele yake Ndindi, mwenye kibanda, anamalizia zipu ya gauni la mteja kwenye cherehani. Ayuma hamharakishi. Cherehani hiyo si yake tena, ingawa aliinunua mwenyewe miaka tisa iliyopita na anajua hata jinsi inavyolalamika siku ya mvua.

"Mama Eve, ngoja kidogo tu, nimebakisha upande mmoja," Ndindi anamwambia bila kuinua kichwa.

"Maliza pole pole. Kwani naenda wapi?"

Ndindi anacheka. Ayuma naye anacheka, lakini kicheko chake kinakatika upesi. Hilo la kwenda wapi, na lini, ndilo lililomchosha kuliko kazi yote aliyowahi kufanya kwa miguu na mikono yake.

Doreen Ayuma ana miaka thelathini na mbili, na ni mke wa mwanajeshi. Mumewe, Shiundu, kijana aliyelelewa mtaa wa Huruma, alijiunga na jeshi la Uingereza miaka saba iliyopita, Ayuma akiwa na mimba ya miezi minne. Tangu hapo amekuwa akija likizo na kurudi. Ayuma amezihesabu siku walizolala chini ya paa moja tangu mtoto wao Eve azaliwe. Hazifiki miezi mitano.

"Watu wanadhani nataka majuu," anasema. "Majuu ni ya nini? Mimi nataka jioni nisikie mlango umefunguliwa, nijue ni yeye, nimwambie avue viatu. Hiyo tu."

Hiyo tu, lakini imemgharimu mwaka mzima na nusu wa kujiandaa, na mambo mengine ambayo hapendi kuyasema watu wakisikia.

Februari mwaka jana Shiundu alipiga simu akisema nyumba ya familia imepatikana kambini na wajiandae. Ayuma hakungoja kusikia mara mbili. Ndani ya wiki mbili aliuza kitanda, makochi na meza. Cherehani alimuuzia Ndindi kwa shilingi elfu kumi na moja, bei ya kirafiki, kwa sababu hakutaka iende mbali na pale alipoizoea.

Kisha akaagwa. Na katika mitaa hii, mtu akiagwa ameagwa. Akina mama wa chama chake cha akiba walikusanyika, wakapika chapati na kuku, wakamfunga leso tatu moja juu ya nyingine, wakamnunulia sanduku kubwa la magurudumu. Kanisani aliitwa mbele na bintiye, mchungaji akawawekea mikono, na waumini wote wakanyoosha yao. Alilia. Wao pia walilia.

Siku tisa baadaye simu ikaja tena. Kikosi cha Shiundu kilikuwa kimetumwa nchi nyingine kwa miezi kadhaa, na nyumba ile akapewa mwingine.

"Nilikaa ndani siku nne," Ayuma anakumbuka. "Maziwa nilikuwa namtuma Eve. Naona aibu hata kununua nyanya. Utamwambia nini mtu aliyekuombea juzi hadi akatoa jasho?"

Siku ya tano njaa ilimtoa. Alikwenda kwa Ndindi, akasimama barazani. Ndindi akamwangalia, akasogeza kiti.

"Sikumuuliza kitu," Ndindi anaeleza. "Nilimwambia tu, mimi mchana huwa nachoka mgongo. Kutoka saa nane hadi jioni keti wewe."

Ayuma hulipa shilingi mia moja hamsini kila mchana anaokaa kwenye kiti hicho. Siku nzuri anaondoka na mia nne mkononi. Zamani, cherehani ikiwa yake na siku nzima ikiwa yake, alikuwa akifikisha mia tisa. Mumewe hutuma pesa, na Ayuma hafichi kwamba bila hizo kodi isingelipwa. Lakini zinapofika, nyingi huwa zimeshapangiwa safari: mtihani wa Kiingereza, picha, vyeti, nauli ya kwenda na kurudi mjini kila karatasi inapohitajika upya.

Safari ya pili iliharibika kwa mkono wake mwenyewe, na hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Kila anayeomba kuhamia Uingereza lazima apimwe kifua kikuu, na cheti chake hudumu miezi sita. Ayuma, kwa kuchoka kuambiwa hajajiandaa, alikwenda kupimwa mapema, yeye na Eve, kabla hata jeshi halijathibitisha nyumba nyingine. Alikitia cheti kwenye bahasha, bahasha akaitia sandukuni, akafunga. Novemba nyumba ikapatikana. Akina mama wakakusanyika tena, safari hii kwa soda na biskuti. Mchungaji akaweka mikono tena, maombi yakawa mafupi. Ayuma alipofungua sanduku kutoa karatasi, cheti kilikuwa kimekufa siku kumi na mbili nyuma.

"Nilikuwa na haraka kuliko kila mtu," anasema, "na haraka yangu ndiyo ikanichelewesha."

Tangu hapo amekuwa kichekesho cha mtaa, japo si kwa ubaya. Akipita karibu na ukumbi wa kijamii husikia, "Mama Eve, kwani ndege ilikuacha?" Kuna mama mmoja wa chama humwambia kila wakikutana kwamba anamdai soda mbili. Ayuma huwajibu kwa utani uleule, kisha akifika nyumbani hukaa juu ya sanduku, maana viti aliuza, na hukaa hivyo muda mrefu bila kuvua viatu.

Ni nyumba ya chumba kimoja. Godoro liko sakafuni. Ukutani hakuna kitu ila misumari ya picha zilizokwisha fungwa. Ndani ya sanduku kuna koti zito la Eve ambalo Ayuma alilishona mwenyewe kwa safari ya kwanza. Kwa bahati aliliachia pindo refu. Amelifungua pindo hilo mara mbili sasa, na mara ya mwisho kitambaa kikaisha.

"Likimbana tena, sina pa kuongezea," anasema, akilikunja polepole.

Chini ya koti kuna daftari la vipimo vya wateja. Ukurasa wa kwanza ni wa Shiundu: kifua, mabega, kiuno, urefu wa mkono. Kila mwaka Ayuma alikuwa akimshonea shati kwa vipimo hivyo, la kumpokelea. Likizo iliyopita mumewe alilivaa, akajaribu kulifunga, vifungo vikakataa. Mabega yalikuwa yamepanuka. Alikwisha kuwa mtu mwingine na mkewe hakuwa na habari.

"Nikachukua futi, nikampima upya," anasimulia. "Amesimama hapo, mimi namzunguka kama mteja aliyeingia kutoka barabarani. Akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia ni vumbi la chaki."

Siku moja, anasema, Eve alimuuliza kama baba ni mrefu kupita mlango. Ayuma alimpimia urefu wa baba kwa futi ukutani, akaweka alama kwa kalamu. Kila asubuhi mtoto hupita pale na kuitazama alama hiyo kabla ya kwenda shule.

Mwandishi alipomtembelea mara ya tatu, Ayuma alifunga mlango, akazungumza kwa sauti ya chini. Vyeti vipya vilikuwa vimetoka. Viza ilikuwa imegongwa. Tiketi ilikuwa ya wiki iliyofuata.

Hakuwa amemwambia mtu. Chama hakikujua, wala mchungaji. Hata Ndindi hakuambiwa.

"Sitaki kuagwa," alisema. "Siwezi kuwabebesha machozi ya tatu. Na wewe pia nakuomba. Andika yote, lakini isitoke gazetini mpaka nikupigie simu nikiwa huko. Nisipopiga, hayo uliyoandika yatupe."

Jumatatu yake alishona kama kawaida. Alimaliza sketi zote za wateja, hata ya mtu aliyesema hana haraka. Ndindi anasema hakugundua lolote hadi Jumatano, alipofika kibandani akakuta cherehani imetiwa mafuta, imepanguswa hadi chini ya kanyagio, na imefungwa mkanda mpya.

"Mkanda ule wa zamani tulikuwa tunaufunga na uzi," Ndindi anasema. "Nilipoona huo mpya nikaketi. Nikajua Mama Eve ameenda. Niliudhika, sikufichi. Hawezi kuniaga hata mimi? Halafu nikalia peke yangu, kisha nikafungua kazi."

Wiki tatu zilipita. Mwandishi alikuwa ameanza kuamini kwamba kurasa hizi hazitasomwa na yeyote. Ndipo simu ikaita, nambari ndefu isiyojulikana, na upande wa pili sauti ya uchovu ileile.

"Niko jikoni," Ayuma alisema. "Nina jiko langu. Kuna kimya huku, sijawahi kusikia kimya kama hiki. Jirani hunipungia mkono, halafu anafunga mlango."

Na Shiundu?

Mumewe aliwapokea, akalala nyumbani siku nne, kisha akaondoka kwenda mazoezini kwa wiki tano. Ayuma aliyasema hayo bila kulalamika, ila alivuta pumzi kwanza.

"Nimechoka bado, nisikudanganye. Lakini akitoka kule anarudi hapa. Buti zake ziko mlangoni, suruali zake naziona kwenye kamba. Eve alimpima mlangoni siku ile ya kwanza. Hapiti mlango. Amebakiza kidogo."

Jirani mwingine, naye mke wa mwanajeshi, alimwona akikunja pindo la suruali kwa mkono akamwomba amfupishie ya mumewe. Baada ya huyo wamekuja wawili. Mpango wa Ayuma ni kutafuta cherehani, hata kama imetumika, aiweke dirishani penye mwanga na kupokea nguo za kambi nzima.

Anajua pia kwamba jeshi halikai pahali pamoja. Mwaka ujao au unaofuata wataambiwa tena wafunge mizigo.

"Waseme tu," alisema, na kwa mara ya kwanza kicheko chake hakikukatika. "Lakini mwambie Ndindi, hiyo nitakayonunua siiuzi mpaka niwe nimeketi kwenye ndege na mkanda nimefunga."