Kilatini cha Jumamosi

Jumamosi nilitaka kulala. Wiki nzima nilikuwa nimefundisha baiolojia madarasa manne pale sekondari ya Miono, madaftari ya kusahihisha yamejaa mezani, na mgongo unaniuma. Lakini saa mbili kamili mwanafunzi wangu mmoja, binti wa kidato cha tatu, alikuwa mlangoni. "Shikamoo mwalimu. Leo tunasoma nini?"

Kosa lilikuwa langu. Darasani aliuliza kwa nini mpunga unaitwa Oryza sativa, nami kwa kujisahau nikamwambia hilo la pili ni Kilatini, maana yake uliopandwa, na la kwanza limetoka kwa Wagiriki. Tangu hapo sikupumua. Muhogo je? Mnazi je? Ili anipumzishe nikamwazima daftari langu la seminari, nilikosoma Kilatini kabla ya kuacha. Sikuwa nimelifungua tangu nilipoondoka, wala sikutaka.

Bibi yake, aliyemlea, akaja kuniona. "Mwanangu, hiyo si lugha ya kanisani?"

"Ni ya kanisani, bibi. Na ya mimea pia."

Akafikiri kidogo. "Haya. Nyama yako, mifupa yangu," akasema, kama wasemavyo wakimkabidhi mtoto kwa mwalimu wa chuo cha Kurani.

Na kweli binti alisoma kama chuoni. Alinawa kabla ya kulishika daftari, hakuliweka chini hata mara moja, na alihifadhi ukurasa mzima kabla ya kuuliza maana. Nilipomwambia hakuna haja, akanijibu, "Maana itakuja, mwalimu," huku akiyumba mbele na nyuma. Mimi nilihesabu kurasa zilizobaki. Zikiisha, nilijiapiza, nami basi. Kigiriki alichokuwa akikiota akitafutie mwalimu mwingine.

Zilipoisha, bibi akapika. Kwake, mtoto akihitimu lazima watu wale. Nikaketi jamvini na majirani, pilau inanukia uani, napanga maneno ya kuaga. Binti akasimama, akausoma ukurasa wa mwisho kwa moyo. Vitenzi, majina, mifano. Nikadhani amemaliza, kumbe bado. Kwa sauti ileile nzuri akaendelea: Fessus sum, mater. Domum redire volo.

Hilo halikuwa somo. Maneno hayo niliyaandika mwenyewe chini ya ukurasa, nikiwa kijana wa bwenini: Nimechoka, mama. Nataka kurudi nyumbani. Nilikuwa nimeyasahau kabisa.

"Mashaallah," wakasema majirani.

Binti akaja kuketi kando yangu na sinia. Akangoja watu waanze kula.

"Mwalimu," akanong'ona, "ulirudi?"

Mama ndiye aliyetaka niwe padri, akajisifu kijiji kizima. Sikuthubutu kumwambia. Nikavumilia mwaka mmoja zaidi nisimvunje moyo, na mwaka huohuo akafa. Watu hudhani nimechoka kwa sababu ya kazi, nami huwaacha wadhani hivyo.

"Nilirudi," nikamwambia. "Nilikuta wameshazika."

Akanisogezea upande wa sinia wenye nyama. Maneno yangu ya kuaga yakanikauka mdomoni, nikala.

"Kigiriki najua herufi tu," nikasema mwishowe. "Jumamosi njoo mapema, kabla sijachoka."