Matairi ya Darini

Baba yangu, Kornel, alikuwa dereva kwa miaka thelathini na hakuwahi kugonga hata mbuzi. Alisema sababu ni moja tu: hakuondoa gari asubuhi kabla ya kupapasa matairi. Alianza na la mbele kulia, kisha akazunguka moja moja, kama mtu anayesalimia wagonjwa wodini.

Mgiriki aliyemwajiri kwenye shamba la kahawa alipohama nchi, alimwachia gari lake la spoti. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, limelala chini mno hata watu wa kijiji chetu cha Kibosho wakasema limepiga magoti. Baba aliliendesha miaka michache. Mwaka 1982, wakati madukani hakuna hata sabuni, alipata kibali cha matairi manne mapya baada ya kusumbuka miezi saba. Hakuyafunga. Petroli ilikuwa imeadimika, naye aliyaonea huruma. Akayapandisha darini, jikoni kwa bibi, juu kabisa ya moto, pale tulipoweka mahindi ya mbegu ili moshi uyakinge na wadudu. Nilikuwa mtoto, mimi ndiye niliyeshika taa. Gari, ambalo matairi yake ya zamani yalikuwa yamekwisha kabisa, akalipandisha juu ya mawe uwanjani kwa babu, na kila Jumapili baada ya misa aliliwasha, akalisikiliza, akalizima.

Masika ya 1993, babu alipokwisha kuzikwa, ukoo ulikaa kugawa kihamba, shamba letu la urithi. Nyumba na uwanja vikawa vya baba mdogo Martin, kitindamimba, kama desturi yetu ilivyo. Baba alibaki na sehemu yake ya korongoni, pasipofika hata toroli.

"Kaka, fundi anaanza msingi Jumatatu," Martin alimwambia. "Watoto wangu wanalala jikoni na mvua inawafuata humo humo. Gari lisipotoka Jumamosi, nawaita wanunuzi wa chuma chakavu."

"Litatoka," baba alisema. "Matairi ninayo."

Dada yangu Hilaria alikuwa na uwanja Rau, huko chini karibu na mjini, na gari lilikuwa liende huko. Kulivuta kwa trekta kungehitaji matairi yale yale, na kwa tope lile hakuna lori ambalo lingeingia kwenye njia yetu.

Tulipoyashusha, yalikuwa yanang'aa kwa masizi. Kashata, yale matuta yanayokanyaga barabara, zilikuwa kamili, hata vinyweleo vya kiwandani bado vimesimama. Baba aliyapangusa kwa shati lake. Tukapeleka mawili mjini kwa Rahim, fundi matairi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nifungie haya."

Rahim aliweka goti ubavuni mwa tairi, akalikunja. Likalia kama kuni kavu. Mipasuko midogo ikafunguka kuzunguka ubavu wote.

"Mzee, umelikausha kama nyama. Limekufa hili."

"Halijagusa barabara hata siku moja!"

"Ndiyo. Limekufa hapo hapo lilipokaa."

Mshona makatambuga, vile viatu vya matairi makuukuu, aliyekuwa barazani alilivuta, akalijaribu kwa kisu. "Hata mimi silitaki," akasema. "Mteja wangu atateleza akienda chooni." Watu wakaangua kicheko. Baba alichukua tairi lake, akaliegemeza ukutani taratibu, kana kwamba linaweza kuumia.

Siku tatu tulizunguka Moshi. Mwaka ule wa kibali hapakuwa na tairi lolote. Sasa yalirundikwa hadi kwenye dari za maduka, mapya na mitumba, na hakuna lililolienea gari letu. Mimi nilibeba karatasi yenye namba ya saizi. Kwa kuwa naona haya kusema mbele za watu, niliinyoosha tu, na wauzaji wakatikisa kichwa. Hayo ni ya pikapu, binti. Haya ni makubwa kwa inchi moja. Rahim alipata manne ya inchi kumi na tatu, lakini mapana, akatuazima moja tukalijaribu nyumbani. Baba alikata usukani, na tairi likakwama kwenye madigadi.

"Kona ya kanisani ningeishia altareni," akasema. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Ijumaa alasiri nilimkuta amepiga magoti na vyuma vya kuvulia matairi. Alikuwa anafunga yale ya darini.

"Baba, Rahim alisema..."

"Nimemsikia Rahim. Nitashuka polepole. Nikilifikisha Rau, basi."

Nilimshikia pampu.

Jumamosi ilikuwa siku ya soko. Gari lilitoka uwanjani likitambaa, mimi nikilifuata kwa miguu. Pale mteremko unapoanza, wanawake walikuwa wanashuka na mikungu ya ndizi kichwani, pande zote mbili za njia, na udongo unateleza. Jirani yetu Mektrida akageuka, akamwita baba kama wazee wanavyoitwa kwetu.

"Meku Kornel! Leo limeamka? Nipakie na ndizi zangu!"

"Wewe na ndizi zako mtalivunja mgongo!"

"Basi tangulia, utanikuta sokoni nimeshamaliza kuuza!"

Wanawake walicheka, wakaendelea kushuka. Baba hakuondoa gari. Alishuka, akainama, akapapasa la mbele kulia. Akazunguka yote manne. Kwenye la nyuma kushoto ukucha wake ulizama ndani ya ufa.

Akainuka, akaangalia migongo ya wale wanawake.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "pale kwenye kona wangekuwa wangapi?"

Aliingia ndani ya gari, akarudi kinyumenyume mpaka uwanjani, akazima.

Martin alikuwa mlangoni. Alitazama chini. Baba alichukua jeki na spana, akaanza kulipandisha juu ya mawe.

"Usijichoshe, kaka. Wale wa chuma chakavu watalikata hivyo hivyo lilivyo."

"Wakate. Lakini si na magurudumu yangu."

Alilegeza nati moja, kisha ile inayoikabili ng'ambo, kisha ya pembeni, kwa mpangilio aliotufundisha sisi sote, ule wa gurudumu litakalorudishwa. Kila nati aliifuta grisi kwa shati, akaniwekea kiganjani, nami nikazishika zote mpaka mikono ikajaa.